Nilichati na "mke" kwa wiki tatu, kumbe ni mwanamume: wasimamizi wa tovuti hizi wanatuuzia tiki ya nini?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kupanga maneno ili wahusika wasiseme hawakuelewa. Mimi ni mwanamke niliyeolewa, naishi Dar es Salaam, na kwa ridhaa yetu wote wawili, mimi na mume wangu tumekuwa tukitafuta wanandoa wenzetu wa kubadilishana wenza kupitia tovuti moja ambayo sitaitaja. Mwenye hamu ya kutuhubiria afungue uzi wake. Hapa tunazungumzia utapeli.

Kwa wiki tatu nilikuwa nachati na mtu aliyejitambulisha kuwa ndiye mke. Nilimweleza mambo ambayo hata dada yangu wa tumbo moja hayajui: hofu niliyokuwa nayo, wivu unaonishika ghafla, mimba iliyoharibika mwaka jana. Akanipa pole, akaniita "shoga yangu", akaniambia na yeye yalishamkuta. Jumamosi iliyopita tukapanda treni ya SGR kwenda Morogoro, tiketi mbili za shilingi 13,000 kila moja kwa safari ya kwenda na mbili za kurudi, chumba tukalipia sisi, na watoto tukawaacha kwa bibi yao kwa uongo ambao niliutunga mwenyewe na ambao bado unanisuta. Mezani tulimkuta mwanamume mmoja na soda yake. Akasema mkewe amepata msiba wa ghafla, lakini ameridhia tuendelee bila yeye. Sikumjibu. Nilichukua simu yangu nikapiga namba ya shoga yangu, na simu ikaanza kutetemeka ndani ya mfuko wa suruali ya yule bwana.

Kinachoniuma zaidi si nauli. Ni kwamba dalili nilikuwa nazo mkononi tangu wiki ya kwanza, nikazipuuza. Siku moja huyo "mke" aliniambia anatoka kazini saa sita mchana kwenda kusuka rasta ndogo ndogo na atarudi ofisini saa saba. Dada zangu, ni nani kati yetu amewahi kusukwa rasta ndogo kwa saa moja? Nilicheka, nikadhani amekosea kuandika. Tena wote wawili, mume na mke, waliandika "naludi" badala ya "narudi", na wote waliweka nukta tatu kabla ya alama ya kuuliza. Mume wangu akasema labda wametoka kijiji kimoja.

Picha nazo zilikuwa zinasema. Katika moja, maandishi ya fulana yalikuwa yamegeuka kama yanavyoonekana kwenye kioo, maana matapeli hugeuza picha ya wizi ili mtu akiitafuta kwenye mtandao kwa kutumia picha yenyewe asipate chanzo chake kwa urahisi. Katika nyingine, nyuma ya kitanda palikuwa na soketi ya matundu mawili ya duara, ile ya Ulaya, wakati walisema wamejipiga nyumbani kwao Morogoro, nasi huku tunatumia ya pini tatu bapa. Baada ya kurudi niliirudisha ile ya fulana katika upande wake sahihi na kuitafuta. Haikuchukua hata dakika moja kuikuta kwenye ukurasa wa wanandoa wa nchi nyingine kabisa, ambao bila shaka hawajui kwamba sura zao zinatumika hapa.

Na sauti? Hakuwahi kupokea simu, mara mtoto amelala, mara yuko kwa mama mkwe. Simu ya video ilikuwa na kamera mbovu kwa wiki tatu mfululizo. Sasa hivi kwetu ni sharti: wote wawili waonekane pamoja kwenye video moja, na tuwaombe jambo la papo hapo, kama kushika sikio la kushoto au kuonyesha vidole vitatu, kwa sababu video iliyorekodiwa zamani haiwezi kutii. Anayekataa, hata awe mzuri namna gani, tunaagana naye.

Wapo pia wanaotaka "nusu ya chumba" mapema, na hao ni ndugu wa wale matapeli wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukituma hela kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji hutokea, lisome. Msitegemee sana kwamba laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwani tapeli hatumii laini yake.

Wabaya kuliko wote ni wanaokusanya picha za utupu kisha wanatishia kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la kanisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kujifanya mtu mwingine, lakini sheria hiyo hiyo inakataza kusambaza ponografia, na tapeli anajua vizuri kwamba utaogopa kufika kituoni ukaulizwa wewe mwenyewe ulituma nini. Kwa hiyo uso na utupu visikae kamwe katika picha moja.

Sasa nirudi kwa wasimamizi. Tulilipa ada ya "uthibitisho", ile ya kupewa tiki ya kijani kwenye wasifu, kama walivyolipa wengine, na tulichoombwa ni picha ya karatasi yenye jina letu la kujiandikishia. Karatasi! Hakuna aliyetaka kuona watu wawili wakiwa hai mbele ya kamera. Nilipolalamika na kuwapelekea ushahidi wote, nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba "makutano ya nje ya tovuti si jukumu letu". Basi rudisheni ada, au thibitisheni wanandoa kwa kuwaona wote wawili, na akaunti ikilalamikiwa ifungwe wakati mnachunguza.

Leo asubuhi nimeingia kuangalia. Wasifu ule bado upo na tiki yake ya kijani, ila "wanandoa" hao sasa wanaishi Arusha, na shoga yangu amepungua miaka miwili.