Miaka sita bila mtoto: nioe wa pili? Naomba ushauri

FundiMatondoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Nina miaka 34, naunda mashua huku Lamu. Mimi na mke wangu mwaka wa sita huu hatujajaaliwa. Yeye kapimwa Mombasa, kila kitu sawa. Mama kachoka kungoja, nami nimechoka kuulizwa kila nikitoka msikitini. Kuna binti Mambrui, kwao wameridhia. Nioe au nisubiri? Usiku silali.

SupuYaPweza: Waaleikum salaam. Supu ya pweza, ndimu na pilipili, siku saba usikose. Mimi nina sita. Watoto, si pweza.

BintiMkomani: Mkeo kapimwa. Wewe je?

FundiMatondoni: Mimi mzima, dada. Nabeba mbao tangu utotoni. Swali langu ni la kuoa.

MzeeKikoi: Marehemu babu alikuwa na wake wawili nyumba moja. Wa Siyu alificha kinu, wa Faza akaficha mchi. Tulikula wali wa kununua mwezi mzima. Jenga nyumba kwanza, kijana.

BintiMkomani: Kaka, sijajibiwa. Manii yako yamepimwa?

FundiMatondoni: Haya. Yalipimwa, mwezi wa Rajabu. Mbegu milioni 38 kwa mililita, na zinaogelea. Ila wameandika vichwa vyote 100 kwa 100 ni mviringo, na neno refu, globozuspemia. Mke hajui. Lakini si zi hai? Huenda kwa mwengine ikawa bahati. Na nusu ya mahari nishapeleka.

NesiZamuYaUsiku: Mambrui hakutabadilisha kitu. Mbegu nzima ina kichwa chenye umbo la yai la kuku, na juu yake kofia, akrosomu, yenye vimeng'enya vya kupenyea yai. Kofia hiyo hushikizwa kwenye utando wa kiini cha mbegu, sehemu inayobeba jeni. Upande wa ndani wa utando kuna protini iitwayo DPY19L2, ndiyo uzi wenyewe wa kushonea. Ikikosekana, kofia inaanza kuundwa vizuri, kisha inabanduka na kutupwa, kichwa kinabaki mviringo. Mbegu inafika kwenye yai na kugonga mlango bila ufunguo. Tangu 2011 inajulikana kuwa kufutika kwa jeni inayounda protini hiyo ndiko chanzo kikubwa cha hali yako. Kwa kawaida 4 tu kati ya 100 zikiwa na umbo sahihi huhesabiwa zatosha. Wewe huna hata moja.

Dawa ya kunywa hakuna. Kuna kudunga mbegu moja ndani ya yai maabara, njia iliyozaa mtoto wa kwanza Ubelgiji 1992. Kwa mbegu kama zako yai mara nyingi haliamki hata likidungwa, huamshwa kwa kemikali ya kalisi. Uliza hilo kabla hujalipa.

Mpekuzi_Malindi: Ngojeni. Fundi wa mashua anakumbuka "globozuspemia", na papo hapo anatokea nesi na jina la protini? Hawa ni mtu mmoja. Mwanafunzi huyu, katumwa kazi ya nyumbani.

SupuYaPweza: 😂😂 Nami nilishaanza kumhurumia.

MzeeKikoi: Hata mashua nina shaka nayo. Fundi, mbao ya mkuku unaitoa mti gani?

FundiMatondoni: Mzee, mkuku natumia mbambakofi. Karatasi ningeiweka hapa, ila ina jina langu.

NesiZamuYaUsiku: Mimi nina zamu, sina muda wa akaunti mbili. Fundi, wazazi wako ni ndugu?

FundiMatondoni: Watoto wa ndugu wawili, baba na mama.

NesiZamuYaUsiku: Jeni hii lazima urithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama. Una kaka?

FundiMatondoni: Mmoja, yuko Malindi. Alimwacha mke wa kwanza kwa kukosa mtoto. Wa pili mwaka wa nne huu, naye hajapata. Sote tulisema ni wanawake.

Mpekuzi_Malindi: Samahani, ndugu yangu.

SupuYaPweza: Kwa hivyo pweza haisaidii?

BintiMkomani: Nyamaza wewe. Fundi, mkeo utamwambia lini? Na yule aliyeachwa je?

FundiMatondoni: Yule keshaolewa Kipini. Ana wawili.

Mke wangu ananiita nikale. Nitarudi baada ya Isha.