Naomba ushauri: dawa pamoja na tiba ya mazungumzo kwa aliyenusurika ajali

Ndugu zangu, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa kondakta wa basi na akanusurika ajali mbaya mwaka jana. Daktari wa magonjwa ya akili amethibitisha kwamba ana maradhi ya msongo unaofuata kiwewe: hulala taa ikiwaka, na breki za lori zikilia barabarani hushika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili huku jasho likimtoka.

Ameanzishiwa sertralini, dawa ya kutibu huzuni kubwa na wasiwasi, miligramu 50 kila siku, na usingizi umeanza kurudi. Mwanasaikolojia naye amemwanzishia tiba ya mazungumzo ambayo mgonjwa husimulia tukio lenyewe kidogo kidogo, tena na tena, mpaka hofu ipungue. Lakini kikao cha kwanza kilimvuruga sana, na sasa mama anashikilia kwamba dawa inatosha, tusimtoneshe kidonda. Mimi naona dawa inampa nguvu ya kuyakabili yaliyompata, ila haiwezi kuyakabili kwa niaba yake. Maombi na mapumziko kijijini vilimtuliza, lakini ndoto mbaya zilibaki. Jirani alimletea diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, nikaikataa, kwani hakuandikiwa na daktari.

Kwa mliopitia haya au mnaotibu: je, kuvurugika baada ya vikao vya mwanzo ni kawaida? Na je, asubiri kwanza dawa ikolee, maana huchukua wiki kadhaa, au aendelee na vyote viwili kwa pamoja?