Domo zege wa kifodi cha Kwa Mrombo: namsemeshaje dada ninayepanda naye kila asubuhi?

Chalii_wa_Mrombo

Habarini wakuu. Kuna dada tunapanda naye kifodi kimoja (Hiace za abiria za hapa Arusha) karibu kila asubuhi, Kwa Mrombo hadi Kilombero. Anapanda saa 12 na nusu hivi, anakaa dirishani, mkononi ana kikapu cha chakula na daftari kubwa. Nimempenda, ila ndo hivyo, mimi ni domo zege. Nikimaliza kupanga la kusema, gari imeshafika.

Sitaki kumtokea moja kwa moja. Nataka kwanza tuongee kama watu wanaofahamiana, mengine yatajulikana mbele ya safari. Nianzie ndani ya gari au tukishuka? Niseme nini hasa, neno kwa neno? Na akinichunia, kesho yake si tunapanda tena pamoja, nitaficha wapi sura? Wenye utani naomba mniache kwa leo. Nawasilisha.

Siti_ya_Nyuma

Tukishuka, mkuu. Ndani ya Hiace usianzishe mazungumzo ya maana. Aliyekaa dirishani amezibwa: wewe uko pembeni, mbele kuna siti, nyuma kuna magoti ya watu. Hata akikujibu vizuri hutajua kama kapenda au kakosa pa kwenda. Halafu gari zima linasikia. Konda akishtukia mchezo lazima achomekee neno lake, abiria wacheke, na kuanzia hapo yule dada atakuwa anasubiri gari la nyuma ili asikuone.

Kifodi kitumie kwa kazi moja tu, aizoee sura yako. Siku tatu nne za mwanzo ni salamu. "Habari za asubuhi, dada." Sauti ya kawaida, mtazame kwa muda wa kuyasema hayo maneno, kisha rudi kwenye mambo yako. Sikiliza jibu. "Nzuri" peke yake ni adabu tu. "Nzuri, za kwako?" amekuachia nafasi. "Mambo" iache, atajibu "poa" na baada ya poa huna tena pa kushika. Na ikitokea siku akakuamkia shikamoo, ndugu yangu, ameshakupanga benchi la wazee, tafuta kifodi kingine.

Konda akianza kukusanya nauli, watu wa nyuma wanapitisha hela kwa mikono na chenji inarudi kwa njia hiyohiyo. Ukiwa katikati, pokea, pitisha, "chenji yako hii dada," basi. Usiishike chenji ukisubiri akutazame. Wapo wanaofanya hivyo na inaudhi kuliko wanavyodhani.

Sasa kushuka. Pale Kilombero mlango ukifunguka watu wanatawanyika, bodaboda wanawavamia, mwenye mzigo anataka apishwe. Ukishuka nyuma yake itabidi umkimbilie au umguse bega, na yote mawili yanamshtua mtu. Kwa hiyo kaa karibu na mlango, shuka kabla yake, sogea hatua tatu pembeni, usimzibie njia. Akifika usawa wako, umbali wa mkono ulionyooshwa na zaidi kidogo, sema hivi:

"Samahani dada, kila siku tunapanda gari moja na hata jina sikujui. Naitwa fulani."

Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kimya cha sekunde mbili kinawatisha, wanaanza kujaza: "yaani nimekuwa nikikuangalia siku nyingi, sijui nikwambieje, usinielewe vibaya." Ukishasema "usinielewe vibaya" ameshakuelewa vibaya. Mwache yeye aseme. Akitaja jina, lirudie mara moja: "Haya Neema, kazi njema." Uondoke wewe kwanza. Yote hayo ni sekunde ishirini, thelathini zikizidi. Kuondoka kwanza kunamwonesha kwamba kuongea na wewe kuna mwisho, kwa hiyo kesho hatakuwa na sababu ya kukukwepa.

Siku inayofuata uliza kitu unachokiona. Una bahati, ana daftari. Usimuulize "unafanya kazi wapi," hilo ni swali la anuani. Kisia: "Daftari hilo kila siku, wewe mwalimu nini?" Kama ni mwalimu atashangaa umejuaje. Kama ni mhasibu wa duka atakusahihisha, na mtu anayekusahihisha anaongea sentensi ndefu kuliko anayejibu. Habari za baridi ziache. Mwezi wa sita na wa saba Arusha nzima inalalamika baridi, utajibiwa "kweli" na mazungumzo yamekwisha. Watu wa Moshi nao na "leo mlima umefunguka", ni hivyohivyo.

Yasiyoulizwa wiki ya kwanza: unakaa mtaa gani, unakaa na nani, umeolewa. "Wewe wa wapi?" huku kwetu inasaidia, mtu akitaja Rombo au Marangu mnapata la kuzungumza, ila iweke siku ya nne au ya tano. Na ule utani wa Machame uache nyumbani. Kama ni wa huko, ameusikia tangu darasa la tatu.

Akikuchunia, kesho yake msalimie vilevile, sauti ileile, halafu kaa siti nyingine. Usinune, usibadilishe muda wa gari. Wiki mbili zikipita hakuna "za kwako?", ibaki salamu tu, na ndo jibu lenyewe hilo.

Kidume_Njiro

Mnampotezea kijana muda. Mlipie nauli bila kumwambia. Konda akisema "dada umeshalipiwa" atageuka mwenyewe kutafuta aliyelipa. Kazi imekwisha.

Dada_wa_Kaunta

Kidume, atageuka kweli, lakini ili arudishe hela. Ukimlipia mwanamke mbele ya konda na abiria, gari lote linamhesabu kuwa ni wako. Akikataa ameonekana ana nyodo, akikubali ana deni na mtu asiyemjua jina. Na konda wa njia hiyo hatasahau, kesho ataanza "shemeji sogea." Mlipie siku mmeshazoeana, na umuulize kwanza.

Naongeza upande ambao hamjaugusa, kwa wanaopenda watu waliowakuta kazini: duka la dawa, saluni, mapokezi ya hoteli, mgahawa. Tabasamu la kaunta ni sehemu ya kazi. Hoteli na kampuni za utalii hapa mjini zinawafundisha watu kutabasamu hata kwa mgeni anayefoka, kwa hiyo usilihesabu. Kinachohesabika ni kile ambacho kazi haikumlazimisha: amekumbuka ulichosema wiki iliyopita, amekuuliza swali wakati hakuna unachonunua. Hujaona kimojawapo, nunua chako uende.

Ukiviona, nenda muda ambao duka limetulia, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, bosi hayupo, nyuma yako hakuna mteja. Usiombe namba yake, acha yako. Iandike kwenye karatasi nyumbani, jina na namba tu, mpe baada ya kulipa: "Ukipenda tuongee siku nje ya kazi, namba yangu hii. Usipopenda hakuna tatizo, nitaendelea kuja kununua." Mara moja tu. Usipotafutwa, endelea kununua kweli na usiulize "ulipoteza karatasi?"

Namba msichukue kwa njia za panya. Kuna wanaomhonga wakala awasomee daftari la miamala, wengine wanaijaribu namba kwenye kutuma hela ili jina litokee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakataza taarifa zilizochukuliwa kwa kazi moja kupelekwa kwenye kazi nyingine bila ridhaa ya mwenyewe. Hata sheria ukiiweka kando, swali la kwanza utakaloulizwa ni "namba yangu umeitoa wapi?" na hakuna jibu zuri la swali hilo.

Akikupa namba usimbip palepale kuhakiki. Kama ni ya uongo, amekupa kwa sababu alikuogopa au alikuonea aibu kukukatalia, na kumbip mbele yake ni kumkamata. Mwisho, jioni giza limeingia, mtu anatoka kituoni anakwenda kwake: usimsogelee kabisa, hata kama asubuhi mlicheka. Usishuke kituo chake ikiwa si chako.

Chalii_wa_Mrombo

Asanteni sana, nimeandika yote. Ila tatizo langu jingine, nikikaribia kusema mdomo unakauka kabisa na sauti inatoka nyembamba kama ya mtoto. Hilo nalo mna dawa yake?

Sauti_ya_Pili

Lina dawa na haiuzwi. Mtu akiwa na hofu mwili unapunguza mate, pumzi inapanda kifuani na koo linakaza. Sauti nyembamba inatoka hapo. Waimbaji wanalijua hili kila Jumapili.

Kunywa funda mbili za maji kabla ya kupanda, siyo chupa nzima maana safari ina foleni. Gari ikikaribia Kilombero vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa taratibu kwa mdomo mpaka sita, mara tano. Kinachotuliza ni kule kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta. Neno la kwanza liseme ukiwa unaanza kutoa pumzi. Ukivuta sana kisha ukasema umejaa, sauti inaruka juu.

Hiyo sentensi uliyopewa isome kwa sauti nyumbani mpaka ulimi uache kujikwaa, kisha ibadilishe kidogo iwe yako, maana iliyokaririwa inasikika. Na kabla ya kumfikia yeye, jizoeze kwa watu ambao huna cha kupoteza kwao. Muulize mama ntilie leo kuna nini zaidi ya makande. Muulize muuza parachichi hizi zimetoka wapi. Lengo ni kuzoea kuanza wewe, kwa swali moja na asante. Pombe usiitegemee. Saa 12 na nusu asubuhi unanuka Konyagi, mbona atahama gari.

Binti_Kibosho

Uzi mzuri, ila mmeandika kana kwamba wanawake hatupendi. Mimi niko Moshi, kuna kaka anaimba besi usharikani kwetu. Mwanamke akianza yeye anaonekanaje?

Sauti_ya_Pili

Anaonekana anajua anachotaka, mradi aanze na jambo lenye mwanzo na mwisho. Kama ni usharika wa KKKT una nafasi ambayo chalii wetu hana: mnada baada ya ibada. Watu wamesimama nje wote, mayai, kuku na ndizi za sadaka zinanadiwa, hakuna anayeshangaa ukisimama karibu na mtu. Besi huchelewa kutoka kwa sababu ya majoho, kwa hiyo usikimbilie mbele kwa mnadishaji, simama upande wa mlango. "Huo mkungu umefika shilingi ngapi?" Akijibu na kugeukia mnada, sawa. Akijibu na kuongeza neno, endelea.

Ukinunua kitu kizito umepata cha pili: "Nisaidie kunifikishia barabarani." Mwendo wa dakika tano, mchana kweupe, watu wanawaona. Njiani muulize habari ya mazoezi ya kwaya, siku gani, nani anawafundisha besi. Usimsifie sauti mbele ya wenzake, watamtania mpaka akukimbie. Msifie mkiwa wawili, na utaje wimbo aliouimba vizuri. Ukiomba msaada mara mbili na yeye hajawahi kuanza salamu hata mara moja, hapo acha. Na ujue kabisa, usharikani hakuna siri. Jioni hiyohiyo kina mama wa umoja watakuwa wameshajua mkungu ulibebwa na nani.

Dada_wa_Kaunta

Na mkishapeana namba, pande zote: ujumbe wa kwanza uende siku hiyohiyo kabla ya saa tatu usiku. Jina lako, mlikokutana, na kitu kimoja mlichoongea. "Fulani hapa, wa kifodi. Yale madaftari ya darasa la nne uliyamaliza?" Usitume "mambo" peke yake, usitume "umelala?" saa tano, usipige simu kabla ya kuandika. Tiki zikawa za bluu na kimya, subiri siku mbili, andika mara moja tena, kisha acha.

Mwaliko wa kwanza uwe mchana, pa wazi, karibu na njia yake ya kawaida, na useme unaisha lini. "Jumamosi saa tisa, chai pale mjini, saa moja tu, mimi naalika." Geto usilitaje kabisa.

Chalii_wa_Mrombo

Nimewaelewa. Swali la mwisho: siku nyingine anapanda na mwenzake, wanashuka pamoja wakiongea. Siku hiyo niache au niendelee?

Siti_ya_Nyuma

Kujitambulisha acha, salamu usiache. Salimia wote wawili, anza na mwenzake, uishie hapo. Usimwite mwenye daftari pembeni ukimwacha mwenzie amesimama, huyo ndiye atakayeulizwa "unamwonaje?" wakishapita Kilombero. Jumatatu nayo iruke, magari yanajaa na kila mtu amechelewa. Jaribu Jumanne.