Ute unarudi kwenye mnara wa kupoozea maji licha ya klorini: naomba ushauri

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, nasimamia matengenezo katika kiwanda cha vinywaji, Dar es Salaam. Mnara wetu hutiwa klorini kila siku na vipimo vya bakteria majini hutoka vizuri, lakini kila baada ya majuma matatu ute wa kahawia hurudi kwenye beseni na presha ya kondensa (kifaa kinachotoa joto la mitambo kwa maji ya mnara) hupanda. Tulipoifungua tulitarajia ukoko wa chokaa, kumbe ni utelezi mwembamba tu. Maji ni ya kisima, pH (kipimo cha uasidi; juu ya 7 ni alkali) 8.5. Bosi anataka tuongeze klorini maradufu. Je, ni sahihi?

Fundi Mitambo: Mkuu, msiongeze bado. Klorini inayoua hasa ni asidi ya haipoklorasi, na katika pH hiyo ni takriban sehemu moja tu kati ya kumi inayobaki katika umbo hilo. Isitoshe, bakteria wengi hawamo katika maji mnayoyapima, bali wamejibandika ukutani ndani ya gundi waliyoitengeneza wenyewe, nayo klorini huishia juu juu ya gundi hiyo. Wala wembamba usiwadanganye, kwa kuwa ute huzuia joto kuliko chokaa ya unene uleule, karibu mara nne. Ningehamia bromini, ambayo huhimili pH ya juu, nikitanguliza kemikali ya kulegeza utando huo wa ute. Maji yakichafuka na kutoa povu, ndiyo dalili kwamba unang'oka, basi yamwageni kabla haujatua kwingine.

Mkemia wa Maji: Naunga mkono, ila kwangueni muone chini yake. Doa jeusi lenye harufu ya yai viza ni kazi ya bakteria wanaotumia salfeti, wasiohitaji hewa, ambao hutoboa chuma huku juu pakionekana salama. Je, kuna bomba ambalo maji yake hayatembei?

Mleta mada: Lipo, la pampu ya akiba, halijafunguliwa tangu mwaka jana.

Mkemia wa Maji: Basi mbegu ya bakteria inatoka humo; likateni au mlizungushie maji kila wiki. Siku ya kusafisha zimeni feni ya mnara, na wasuguaji wavae barakoa za kuchuja chembechembe, si za kitambaa, kwa sababu Legionella, bakteria aliyegunduliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa wa mapafu huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, huambukiza kwa kuvutwa puani pamoja na ukungu wa matone ya maji.

Mleta mada: Nashukuru. Vijana walikuwa wakisugua feni ikizunguka. Kazi hiyo nimeisimamisha leo hii.