Tumezoa taka njia ya Morningside siku nzima, sasa hivi zinaelea mtoni

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi kama kuna neno litazidi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kujitolea kusafisha njia ya kupandia Morningside, hapa Morogoro. Tangazo lilizunguka magrupu yote ya WhatsApp: saa 12 na nusu asubuhi, vifaa vipo, gari la taka lipo, fulana 15,000. Nikalipa. Waandaaji siwataji, wenyewe watajijua.

Tukafika kwa wakati, watu kama arobaini. Tumekalia mawe mpaka saa 4 kasoro, eti tunamsubiri mgeni rasmi. Akina mama wa Kiluguru wameshuka na ndizi na mboga kichwani, wameuza, wengine wameshaanza kupanda kurudi, sisi tuko palepale na fulana zetu mpya. Mama mmoja akasimama akatuuliza, "Poleni wanangu, nani kafariki?"

Mgeni kaja, kahutubia dakika arobaini kuhusu vyanzo vya maji, kavaa glavu, kaokota chupa moja (moja!), kapigwa picha kila upande, kaondoka. Na glavu kaondoka nazo, wakati zilikuwa pea kumi na mbili tu.

Kazi tulifanya, hilo hakuna wa kutunyima. Chupa, pampasi, vipande vya chupa za bia vimejificha kwenye majani vinakusubiri. Kwenye kona moja nimefukua kiroba cha pombe kali, vile vilivyopigwa marufuku Machi 2017. Nikakifuta tope kwa kidole gumba, maandishi yote yanasomeka kama kimetoka dukani jana. Halafu waandaaji wetu hao hao wanatugawia maji ya chupa ndogo, katoni kwa katoni, bila hata pipa la kuweka chupa tupu! Nusu ya tulichookota kwenye mteremko wa mwisho kilikuwa chetu wenyewe.

Salfeti zilijaa 38. Nina uhakika kwa sababu nilikuwa nafunga midomo, na kamba zilipoisha nikafungia magome ya mgomba. Tukaambiwa tuziache kando ya kijito, gari linakuja jioni.

Jumatano nimepita pale. Gari halijaja. Mvua ya Jumapili usiku ilikuwa kubwa, na mbwa nao wamefanya yao. Zimebaki salfeti 17. Nyingine zimepasuka, pampasi zimenasa kwenye mizizi, chupa zinateremka taratibu. Yaani taka zilizokuwa zimetawanyika mlima mzima tumezikusanya kwa jasho letu tukaupelekea mto! Na watu wa Dar msicheke: maji haya yanaingia mto Morogoro, yanakwenda Ngerengere, Ngerengere inamwaga Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayokunywa.

Nikampigia mratibu. Kanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, ile shughuli tulishaifunga, ripoti imeshakwenda." Ripoti imekwenda! Jana nimetumiwa cheti cha ushiriki, na picha iliyowekwa juu yake ni ya salfeti zetu zimepangwa vizuri kando ya kijito. Magome yangu ya mgomba yanaonekana.

Sasa mwenye Kirikuu au hata guta aje inboksi, mafuta nachangia. Ni hizo 17 tu, Jumamosi hii saa 12 na nusu, na safari hii hakuna mgeni rasmi.