Naomba ushauri: modeli ya mabafu ya Caracalla

Wakuu, habari zenu. Nasoma usanifu majengo, na kazi yangu ya muhula ni modeli ya mabafu ya umma ya Kaizari Caracalla kule Roma, yaliyofunguliwa mwaka 216. Nimeyapenda mno haya majengo.

Nimekwama kwenye skeli. Jengo kuu lina urefu wa mita 214 hivi, kwa hiyo kwa 1:200 linajaa meza nzima. Lakini kinachonivutia zaidi kiko chini ya sakafu: vinguzo vya matofali vilivyoibeba, hewa moto kutoka kwenye tanuri ikipita katikati yake, kisha ikipanda ndani ya kuta kupitia vigae vyenye uwazi. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika vinguzo viwe na kimo cha futi mbili, karibu sentimita 60. Kwenye skeli yangu hiyo ni milimita 3 tu! Hakuna atakayeviona.

Je, nikate jengo kupitia chumba cha joto kali, lile duara lenye kuba lililoelekea kusini-magharibi kufuata jua la mchana? Au nitengeneze kipande cha sakafu peke yake kwa 1:20? Na vinguzo nivifanye kwa udongo au kadibodi? Waliowahi kufanya kazi kama hii, naombeni msaada.