Maharage ya zamani hayaivi, tatizo ni nini hasa?

mama_wa_chungu: Wadau habarini, nimenunua maharage ya msimu uliopita bei chee, leo nimeyabandika toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana ukitafuna bado yanagonga meno na mkaa ndo umeisha hivyo, jirani kabandika mapya masaa mawili tu yashaiva. Dogo wangu wa form four eti "mama hizo ni kuta za seli". Ananizingua au?

mwl_bailojia: Dogo yuko sawa. Kila seli ya mmea ina ukuta wake, nyuzi za selulosi zimelala ndani ya pektini na hemiselulosi. Ila selulosi haiyeyuki kwa maji ya moto, inayoamua kuiva ni ile gundi ya pektini kati ya seli na seli. Na ndo inatangulia kujengwa, seli ikigawanyika vifuko vidogo vinatoka kwenye Golji (sehemu ya seli inayofungasha vitu na kuvisafirisha) vimebeba pektini vinajipanga katikati vinaungana kama kisahani, halafu kila seli inajenga ukuta wake upande wake. Ukichemsha gundi inaachia, seli zinatengana. Sugua harage lililoiva kwenye vidole, ule ungaunga ni seli nzimanzima hazijapasuka hata.

mama_wa_chungu: Sasa si ingeachia na kwenye haya ya kwangu??

kijana_wa_maabara: Apo ndo inaingia kalsiamu dada. Harage lina fitati, yaani kitu kinachoshikilia madini ndani ya mbegu, sasa yakikaa stoo yenye joto na unyevu fitati inavunjika mdogomdogo inaachia kalsiamu na magnesiamu, zinaenda kukamata pektini, mnyororo huu wa pektini na ule inafungwa pamoja. Maji matupu hapo utachoma gunia la mkaa.

bibi_kizaazaa: Tieni magadi wajukuu zangu mbona mnazunguka

kijana_wa_maabara: 😂 Bibi kamaliza. Sodiamu ya magadi inaing'oa kalsiamu inakaa yenyewe, gundi inalegea. Kidogo tu lakini, yakizidi vitamini B1 inaharibika na ladha inakuwa ya sabuni. Na loweka usiku kucha. Nyanya na ndimu mwisho kabisa yakishaiva, asidi inaifanya pektini igome kuyeyuka

mama_wa_chungu: Mi nyanya huwa natia pamoja na maharage toka mwanzo jamani 🙈